Mguu wa Kulia Uliogoma Kabla ya Chai

Mwaka ule tulikula viazi. Sisemi tulikula viazi kama watu wa Njombe wanavyokula siku zote. Nasema tulikula viazi mpaka watoto wakiona sufuria inafunikwa wanaanza kulia kabla haijachemka. Viwavi walikuwa wameingia kwenye mahindi, wamekula moyo wa mmea, shamba ukilitazama kwa mbali ni kijani, ukiingia ndani ni matundu matupu. Basi asubuhi viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, mchana viazi na maharage, jioni viazi vimepondwa na maharage yale yale ili vionekane ni kitu kingine. Ugali tulikula Jumapili, wa ulezi, tukitoka kanisani, na siku hiyo hakuna aliyebaki nje kuongea na watu. Mimi miaka siikumbuki kwa namba. Lakini mwambie mtu wa Makambako mwenye umri wangu "mwaka wa viazi," ataelewa. Ndio mwaka mdogo wangu Ezekia alipoweka ndege kwenye godauni langu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, bibi wa wajukuu watatu (sasa ni kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliye mjinga), na ndio mwaka nilipogundua kwamba kichwa changu kinafanya kazi. Wengine wanagundua hilo ujanani. Mimi nilichelewa, lakini niligundua.

Ezekia tumemzika mwaka jana, kisukari kimemmaliza. Siku ya mazishi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu, nimeshika mwiko, nikamsikia mzee mmoja pale mbele anasoma wasifu kwenye kipaza sauti: "Marehemu alitengeneza ndege peke yake, bila kusaidiwa na mtu." Wanawake wakaniangalia. Nikatoka na mwiko wangu hadi kona ya nyumba. Kapteni Filemoni, rubani aliyeirusha ile ndege, alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti, ameficha mdomo kwenye kola ya koti na mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka msibani, mtu mzima yule. Baada ya watu kula alinifuata, akasema, "Mama Lusia, wewe usipoandika, wataandika hawa." Nikamwambia nimeishia darasa la nne. Akasema, "Nani kakuuliza darasa?" Kwa hiyo naandika.

Godauni langu liko karibu na barabara ya kwenda Njombe. Nilikuwa nauza viazi vya jumla, vinakuja kwa lori kutoka Iwawa, magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi, yamevimba mgongoni kama mama mjamzito aliyegeuziwa nyuma. Ezekia alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa ndege ndogo miaka mingi huko mbali, akarudi na masanduku matatu ya vyuma na makaratasi ya michoro, akaniomba nafasi. Nikampa upande mmoja wa godauni. Akaja na Yona, fundi wa kuchomelea, mtu wa Makete, mikono kama majembe. Wakakaa humo miaka minne. Mimi upande wangu viazi, wao upande wao ndege, ya watu wawili, nyembamba kama panzi. Mabawa yalikuwa yanachomolewa, yakalazwa juu ya magunia yangu, nami nikawaambia wateja, "Subiri, gunia lako liko chini ya bawa." Humo mlinuka udongo, rangi, na viazi vilivyoanza kuchipua. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi mbichi naona njaa ya kiazi.

Mwaka wa viazi ndio mwaka ndege ilipokwisha, au wao walisema imekwisha. Mkaguzi alikuwa amekuja mara mbili kutoka mbali, amepitia kila kitu, na Kapteni Filemoni akaja kuirusha. Kapteni alikuwa rubani mstaafu, mtu wa Lupingu, kule ziwani ambako watu wanalala bila blanketi. Siku ya kwanza alifika Makambako Juni, upepo unapiga bati, akashuka kwenye basi na shati la mikono mifupi. Yona alimtazama akasema, "Kapteni, wewe ni samaki, umekuja kukaushwa?" Tukamtafutia koti. Na kwa sababu kwetu mgeni hapigwi na baridi mwenyeji akiangalia, tukawasha jiko la mkaa, kubwa, lile nililokuwa napikia shughuli za kanisani, tukaliweka pale alipopenda kukaa, upande wa kushoto wa ndege. Tangi lilikuwa bado halijatiwa petroli, la sivyo nisingekubali. Tangu siku ile hadi mwisho, kila asubuhi jambo la kwanza lilikuwa kuwasha jiko la Kapteni, chai baadaye. Kumbuka hilo jiko. Sisi tulilisahau, ndiyo maana nasimulia.

Sasa niwaeleze magurudumu, kwa maana hapo ndipo ilipo habari. Ndege ile ilikuwa na miguu miwili mbele, na kigurudumu kidogo mkiani kisichokunjwa. Miguu ya mbele inakunjwa ndege ikishapaa, inaingia tumboni, ili upepo usiishike. Mkunjaji ni yule anayekaa kiti cha pili: kuna mkono wa chuma kati ya viti, anauvuta, waya unavuta miguu. Akitaka kutua anaurudisha, miguu inashuka, na ikifika mwisho springi inasukuma pini nene kama kidole gumba itoke kwenye nyumba yake na kuingia kwenye tundu. Pini ikiingia, taa ya kijani inawaka, moja ya mguu wa kulia, moja ya kushoto. Pini isipoingia, mguu unaonekana umesimama lakini haujasimama. Ukigusa ardhi unakunjika, bawa linakwangua chini, ndege inapinduka. Haya yote nilielezwa na Ezekia mwenyewe, amechuchumaa, ananionyesha kwa kukunja na kunyoosha kiwiko chake. Nikamwuliza nani atakaa kiti cha pili. Akasema, "Mimi, dada. Nani mwingine?"

Walikuwa wanaipandisha ndege kwenye jeki, miguu inaning'inia, halafu wanakunja na kukunjua siku nzima. Mguu wa kushoto haukuwahi kukosea. Wa kulia, siku nyingine unashuka vizuri, siku nyingine taa haiwaki. Walianza na taa. Ezekia akabadilisha balbu. Akabadilisha swichi ndogo iliyo kule chini, akabadilisha na waya wake wote. Siku mbili sawa, siku ya tatu asubuhi taa ikagoma. Yona akaingia chini, akasukuma pini kwa bisibisi, ikaingia, taa ikawaka. "Unaona?" akasema. "Si umeme, ni springi." Wakachomoa springi ya kulia wakaiweka kushoto, ya kushoto wakaiweka kulia. Wazo hilo nililipenda, kwa sababu kama springi ni mbovu basi ugonjwa ungehamia kushoto. Haukuhama. Kesho yake asubuhi wa kulia ukagoma tena na ile springi nzima. Wakaufungua mguu wote. Wakaupima kwa kamba, wakaupima kwa rula, wakalaumiana. Kapteni akawa anatazama moto.

Mimi nilikuwa nakaa mlangoni, kwenye stuli yangu, kwa sababu wateja wanakuja mlangoni. Mlango wa godauni ni mpana, uko upande wa kulia wa ndege, na upepo wa Makambako hauombi ruhusa kuingia. Nilikuwa na chaki ya kuandikia magunia. Nikaanza kupiga mstari kwenye mlango kila mguu wa kulia ulipogoma. Mwanzoni nilifanya kwa uchokozi tu, nimpigie kelele Yona. Baada ya wiki mbili nikatazama mistari yangu, nikaona nimeipiga yote kabla sijaosha vikombe. Hakuna hata mmoja wa baada ya chai. Nikawaambia.

"Huo mguu unagoma kabla ya chai."

Yona alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mama Lusia, chuma hakinywi chai."

"Hakinywi, lakini kinagoma kabla ya chai. Hesabu mistari."

"Basi tukipikie uji," akasema Kapteni, na wote wakacheka, na Ezekia akacheka nao. Kicheko cha Ezekia kiliniuma. Nikarudi kuuza viazi. Leo nikifikiri, sikuwakasirikia kwa sababu walikosea. Niliwakasirikia kwa sababu hawakugeuza hata shingo kuuangalia mlango.

Halafu ilikuja ile nyama ya nguruwe. Jirani alichinja, akaniletea kipande kizuri chenye mafuta, na katika mwaka ule hiyo ilikuwa sikukuu. Nikaikaanga pale pale godauni, nikatoa na viazi, kila mtu sahani yake. Wao watatu walikaa kuzunguka jiko. Mimi nikapata mteja, nikaiacha sahani yangu juu ya gunia mlangoni, nikahesabiana naye magunia, nikarudi. Mafuta kwenye sahani yangu yalikuwa yameganda meupe, nyama imeshikwa humo kama mawe kwenye saruji. Nikatazama sahani ya Yona karibu na jiko: mafuta yanang'aa, yanatembea. Nyama ile ile, sufuria ile ile. Nikasimama na sahani yangu mkononi. Mguu wa kushoto uko wapi? Uko kwenye jiko. Wa kulia uko wapi? Uko mlangoni, pamoja na mimi.

"Yona," nikasema, "ndani ya ile nyumba ya pini mmeweka nini?"

"Grisi."

"Grisi gani?"

"Ya lori, Mama. Nzito, nzuri. Nimeijaza mpaka imefurika, maji hayapiti."

Nikamwonyesha sahani. Alitazama sahani, akanitazama mimi, akasema nguruwe si grisi. Ezekia akasema mguu ule ameufungua mara tatu na grisi ilikuwa laini kabisa. Nikamwuliza aliufungua saa ngapi. Mchana, jiko limewaka tangu asubuhi, na vipande amevilaza wapi ili avione vizuri? Karibu na moto. Akasema tu, "Dada, Jumamosi watu wanakuja." Na kweli walikuwa wanakuja. Pale Njombe kiwanja cha majani kilikuwa kimefyekwa, kwaya ya usharika imejiandaa, wakubwa wa wilaya wamealikwa, na Ijumaa lori la kuibeba ndege lilikuwa linakuja mlangoni kwangu. Nikasema basi igeuzeni humu ndani. Mkia uende kule kichwa kilipo. Mguu wa kushoto uje mlangoni, wa kulia uende kwenye jiko, tuone nani atagoma. Wakasema kuigeuza ni kuishusha kwenye jeki, kuhamisha magunia sitini, kuipandisha tena, kupima upya. Hakuna muda. Ezekia akasema hao watu wanamjua kama mtu anayechezea vyuma, na Jumamosi ndiyo siku yake.

Ijumaa asubuhi lori lilifika. Mimi nilikuwa nimefika kabla yake, nimefunga mlango kwa mnyororo na kufuli, ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya khanga na khanga nimeifunga kiunoni chini ya sweta. Ezekia akaja na watu wanane. Akanisalimia kwa Kibena, kwa heshima, nikajua anaogopa. Akaomba ufunguo.

Nikasema, "Ufunguo sitoi mpaka magurudumu yote mawili yajifunge kwenye baridi, mimi nikiona."

Wale watu wanane wakatazama chini. Dereva wa lori akazima injini. Ezekia akanivuta pembeni, karibu na ukuta.

"Dada, unaniaibisha."

"Nakuaibisha. Sawa."

"Umenilea, nakushukuru. Lakini hii ndege hukuizaa wewe."

"Sikuizaa. Lakini nikikuzika wewe nitasema nini? Nitasema niliona mafuta yameganda nikanyamaza kwa sababu kwaya ilishafua sare?"

Kapteni akaja taratibu na koti lake la kuazima, mtu mwenye maneno laini. Akasema, "Mama Lusia, taa isipowaka sitatua. Nitazunguka, tutajaribu tena."

"Na ikigoma tena?"

"Tutajaribu tena."

"Huko juu kuna joto au baridi, Kapteni?"

"Baridi, Mama. Kuliko hapa."

"Kuna jiko?"

Akageuka akaitazama milima upande wa Njombe kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu akamwambia Ezekia, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, "Mimi siipandi hiyo ndege mpaka tufanye anavyosema huyu mama." Ezekia alipiga teke gunia tupu. Akaenda mwenyewe kumwambia dereva wa lori arudi. Akapiga simu kwa mchungaji, kwaya ikaambiwa Jumamosi haipo. Siku hiyo nilipika viazi akala amenipa mgongo, na mimi nikamwongezea, kwa sababu hasira na njaa ni vitu viwili.

Tulihamisha magunia mchana, mimi nikibeba kama wao. Ndege ikashushwa, ikageuzwa, ikapandishwa. Jiko nikalimwagia maji mimi mwenyewe, Kapteni akaliangalia kama anaagwa. Jumamosi alfajiri nilifungua mlango wote wazi. Nyasi zilikuwa zimepauka kwa baridi, pumzi za watu zinatoka nyeupe. Nikasema hakuna chai. Ezekia akaingia ndani ya ndege, akakunja miguu, akahesabu, akaikunjua. Tukatazama taa. Mguu wa kulia, ule mbaya, ule ambao umefunguliwa mara tatu na kutukanwa kila aina ya tusi, sasa uko mbali na upepo, lakini bila moto: taa haikuwaka. Na mguu wa kushoto, mtoto mzuri ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, uko mlangoni: taa haikuwaka. Giza zote mbili. Yona akalala chini, akaingiza kidole kwenye nyumba ya pini ya kushoto, akakitoa. Grisi ilikuwa imekaa kwenye kidole chake ngumu, imesimama, kama mafuta ya kwenye sahani yangu. Akanionyesha kile kidole. "Mama," akasema, "nipige."

Sikumpiga. Ezekia alibaki amekaa ndani ya ndege, mikono kwenye ule mkono wa chuma, na nikaona machozi yanamtoka bila uso wake kubadilika. Alikuwa anafikiria kile kiti. Nami nilikuwa nakifikiria. Alikuja kuniambia baadaye kwamba miaka yote ya ufundi alifanya kazi pwani, ambako grisi haijui kuganda, na hapa nyumbani alipozaliwa alisahau baridi kwa sababu kila alipoingia kazini alikuta moto umewashwa na dada yake. Nilimwambia moto ulikuwa wa Kapteni, asinisingizie.

Wakafungua pande zote mbili, wakaosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana, wakapaka grisi nyepesi ya ndege, kidogo, inayotajwa kwenye yale makaratasi ya michoro ambayo Yona hakuyafuata kwa sababu aliona kupaka kidogo ni ubahili. Wiki nzima hatukuwasha jiko. Kapteni alivaa makoti mawili na kofia inayofunika hadi shingoni, akanywa chai yake nje kwenye jua. Kila alfajiri nilikaa kwenye stuli nikahesabu. Kulia, kijani. Kushoto, kijani. Mara kumi kila siku, siku saba. Siku ya nane nikafungua khanga nikatoa ufunguo.

Pale Njombe sikupanda, msiniulize. Nilisimama kwenye majani na kwaya, sare zimefuliwa mara ya pili. Ikapaa, miguu ikaingia tumboni kama ya ndege wa kweli, ikaenda juu ya miti ya mbao, ikarudi. Nilipoona miguu inashuka, miwili, sawasawa, nilijikuta nimemshika mke wa mchungaji mkono mpaka akalalamika. Iligusa chini, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikatembea. Watu wakapiga vigelegele. Ezekia aliposhuka aliwapita wakubwa wote wa wilaya akaja kwangu, akanyoosha mkono kunisalimia, kisha akaona haitoshi, akanikumbatia. Mzee aliyesoma ule wasifu alikuwepo siku ile. Alikuwa anakula.

Usiku ule ndege ililala kwenye kibanda cha bati pale pale kiwanjani, na kufuli nililoweka ni langu. Asubuhi yake, majani meupe kwa barafu, nikawakuta Ezekia na Kapteni wamesimama mlangoni pa kibanda, wanasugua mikono, wanacheka kama vijana waliolipiwa pombe ya ulanzi. Walikuwa wamepanga kwenda kuzunguka juu ya Makambako, wapite juu ya bati la godauni langu, wawapungie mkono wateja wangu.

"Kamwene, dada," Ezekia akanisalimia, ananyoosha kiganja. "Lete ufunguo, jua litapanda."

"Mmeijaribu leo?"

"Dada! Si umeona jana mwenyewe? Watu wote wa Njombe wameona. Hata kwaya."

Nikaitazama ile barafu kwenye majani, nikamtazama yeye, mdogo wangu, amevaa koti jipya la kurukia, ana furaha kuliko siku yoyote niliyomjua. Nikajifunga khanga vizuri.

"Ufunguo sitoi mpaka magurudumu yote mawili yajifunge kwenye baridi, mimi nikiona."